Saa Tisa ya Hola

Siku ile kibandani tulikuwa wanne. Mzee Guyo, aliyepima maji ya mto kwa niaba ya ofisi ya maji na kutengeneza redio za watu wa Garsen. Buya, kijana aliyerudi kutoka Mombasa na mtambo wake wa taar, redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Mdogo wangu Hawayu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, amekaa juu ya debe anasoma kitabu cha sayansi kisicho na jalada. Na mimi, Salome, niliyeshika kalamu. Nawataja wote kwa sababu baadaye watu walisema kibanda kilijaa, palikuwa na kelele, na hakuna ambaye angeweza kusikia vizuri. Si kweli. Tulikuwa wanne, na watatu walinyamaza ili mimi nisikie.

Nimeketi kuandika haya kwa sababu ya mkutano wa mwaka jana. Vijana wa kampuni changa kutoka Nairobi walikuja Garsen, wakatundika shuka nyeupe ukutani mwa darasa na kutuonyesha picha za kifaa walichokifunga mtoni. Kifaa hicho hupima maji chenyewe, kisha hupeleka ujumbe kwenye simu za watu wa vijijini hadi Wema na Idsowe. Mimi huwapenda vijana wanaotengeneza vitu, hata vitu vyao visipofanya kazi, lakini nimeona wengi wakija Tana na kuondoka na picha zao. Basi nilikaa nyuma na akina mama, pembeni yangu Habiba, binti wa Mzee Guyo. Ujumbe wa majaribio ulipoingia, simu zote zililia pamoja. Uliandikwa kwamba maji yatafika Garsen saa 9:00. Nikanyoosha mkono nikauliza hiyo tisa ni ya nani. Watu walicheka. Msichana aliyesimama mbele, mwenye adabu zake, akasema, "Ni tisa ya kawaida, mama." Nikamuuliza kawaida ya Nairobi au ya hapa, wakacheka tena, lakini yeye hakucheka, akatoa daftari. Ndipo Habiba akasimama. Alisema baba yake aliwahi kukosea saa, kosa hilihili, na ndilo lililomuua mama yao. Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja alikozaliwa. Kisha akaketi na kunibana goti kidogo, kama mtu aliyemuunga mkono mwenzake. Mimi niliendelea kutazama simu yangu mpaka taa yake ikazimika.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa tisini na saba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeacha shule kidato cha pili, na nyumbani tulibaki mimi na Hawayu. Nilienda kwa Mzee Guyo kutafuta redio yetu aliyokaa nayo tangu Pasaka, nikamkuta amesimama ukingoni mwa mto ameshika goti. Mvua ndogo ilikuwa imefanya ukingo uteleze. Akaniomba niteremke nimsomee ubao. Ulikuwa ubao mrefu uliosimama majini, wenye mistari myeusi na myeupe na namba. Nilishuka, nikasoma, nikampigia kelele kwamba ni mita mbili na nusu. Akauliza, "Umejuaje?" Nikasema nimeona. Akauliza nimeona nini. Nikasema maji yamegusa mstari. Akasema mstari umesimama lakini maji yanacheza, je, nimeyaona yakiwa juu ya mchezo au chini yake? Nilikasirika, nikajua kwa nini watu wanamwita Mzee Umejuaje. Lakini nilisimama pale nikahesabu pumzi kumi kama alivyoniagiza, nikatazama maji yanapofika juu kabisa na yanaposhuka, nikachukua katikati. Haikuwa mbili na nusu. Nilipopanda alinipa daftari niandike mwenyewe. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa.

Kibanda kilikuwa cha mabati, chumba kimoja, kinanuka tindikali ya betri na risasi ya kuchomea nyaya. Ukutani palining'inia redio zilizofunguliwa matumbo, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Mchana mkewe, Bibi Zahara, alikuwa akivuka kwa mtumbwi kutoka kijiji chao cha Waorma wafugaji ng'ambo na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, na mimi, Mpokomo wa mashambani, nilileta ndizi za kuchemsha au kambare, tukala pamoja sakafuni. Bibi Zahara alikuwa mnene, mwenye kicheko cha taratibu, na alikuwa mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha mzee. Mzee akianza kuuliza, yeye humwambia, "Guyo, kula. Samaki huyu amekufa, sijui nimejuaje." Hawayu akitoka shule alipita pale moja kwa moja. Mzee alimtengea debe lake la kukalia na kumpa vitabu vilivyoachwa na mtu wa mradi fulani. Hakumfundisha kitu. Alimwacha asome ukurasa, kisha alimuuliza aliyeandika angejuaje kwamba ni hivyo, na wewe ungefanya nini ili ukamate uongo wake ikiwa ni uongo. Hawayu leo anafundisha fizikia. Anasema hajapata kusikia somo bora zaidi chuoni.

Watu hudhani mtu wa mashaka ni mtu anayechukia vitu vipya. Mzee Guyo alivipenda kuliko yeyote. Akisikia gari limekuja na mashine, huacha chakula. Mwaka ule alikuja bwana mmoja mwenye sanduku na waya mbili, akasema anaweza kuona maji yaliyo chini ya ardhi, na kwamba kijiji kikijiandikisha kwake atakichimbia visima. Wazee walikuwa karibu kukubali. Mzee Guyo aliomba siku moja. Alfajiri alifukia mtungi uliojaa maji kwenye uwanja, akasawazisha mchanga, halafu akamkaribisha yule bwana kwa heshima zote atuonyeshe maji yaliyo karibu zaidi. Yule bwana alitembea na waya zake juu ya mtungi ule mara tatu, akaenda kusimama chini ya mti wenye kivuli na kusema ni hapa. Tulicheka mpaka jioni, lakini Mzee hakucheka. Aliniambia anasikitika, kwa sababu alitamani sana iwe kweli. Sijasahau hilo. Mashaka yake yalitoka kwenye tamaa ya kujua, na kila alipogundua kuwa kitu ni cha uongo ilikuwa kama ameibiwa.

Naye alikosea pia, lazima niseme. Buya alipotuambia kwamba kuna siku kila mtu Garsen atatembea na simu mfukoni, Mzee alimuuliza nani atajenga mlingoti katikati ya vichaka na mbu ili wachunga ng'ombe wapigiane kuulizana habari. Buya akasema, "Mzee, wewe ungekuwepo siku gurudumu lilipoletwa ungesema tuendelee kubeba kichwani." Mzee akajibu kwamba angeuliza barabara iko wapi. Hivyo ndivyo walivyoishi, wakitaniana kutwa nzima. Buya alikuwa na biashara mpya ambayo hakuna aliyeielewa mwanzoni: redio ya kupeleka maneno mbali, ile ambayo Wasomali huita taar. Alikuwa na mwenzake Hola, kwenye ofisi za wilaya, na mwingine Garissa. Mtu anakuja na habari yake, Buya anaisema kwenye mtambo, ng'ambo inaandikwa na kupelekwa kwa mwenyewe. Alihitaji mahali pa kusimamisha waya wake mrefu, na Mzee, pamoja na dharau zote, alimpa paa la kibanda na kumshikia ngazi. Mimi nikawa mwandishi wa taar kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nilivaa vile vyombo vya masikioni, nikaandika vifo, harusi, ng'ombe waliopotea, na vijana walioombwa warudi nyumbani. Nilijifunza kwamba watu wakijua neno lao litapita hewani hulifanya fupi, na likiwa fupi hupotea kitu.

Hapa ndipo lazima nieleze jambo la saa, kwa sababu nilikuwa nalijua. Wiki yangu ya kwanza ya kupima maji niliandika kwenye daftari saa 12 na saa 12, asubuhi na jioni, kama tunavyosema. Mwisho wa mwezi ofisi ilileta barua ikiuliza kwa nini mto wa Garsen unapimwa adhuhuri na usiku wa manane. Buya aliisoma kwa sauti akaanguka kwa kicheko. Mzee hakunikemea. Alisema ofisi inahesabu kuanzia usiku wa manane na sisi tunahesabu kuanzia jua, na namba yenyewe haina mdomo wa kusema ni ya nani. Kuanzia siku ile aliniagiza kila nikiandika saa niandike na jua liko wapi: halijapita miti, kivuli kifupi, linaingia vichakani. Niliona ni utoto, lakini niliandika. Kwenye karatasi za taar sikuandika, kwa sababu hakuna aliyeniagiza na kwa sababu jua la Hola sikuliona.

Mvua kubwa ilipokuja, mto haukupanda kama tulivyozoea. Ulipanda bila kurudi. Ubao wa kwanza ukazama, kisha wa pili. Mashamba ya Wema na Idsowe yakawa ziwa, watu wakahamia kwenye madarasa, na barabara ikakatika pande zote mbili. Kibanda chetu kilikuwa juu kidogo, tukabaki tumezungukwa. Ghafla ile taar iliyochekwa ikawa kitu pekee kilichotuunganisha na dunia, na Buya akawa mtu wa kuamkiwa kwanza. Hakujisifu. Alikonda. Kulikuwa na mawingu siku baada ya siku, paneli yake ya jua haikuweza kujaza betri, akawa anawasha mtambo kwa dakika chache na kuzima, kama mtu anayemnywesha mgonjwa kwa kijiko.

Bibi Zahara aliugua homa wiki ya tatu. Kijiji chao kilikuwa kimebaki kisiwa, kuvuka kwa mtumbwi kulichukua karibu saa nzima kwa sababu ya mkondo. Mzee alikuwa akienda na kurudi. Siku ya nne alikuja akasema mkewe hawezi tena kunywa, kila kitu kinarudi, na macho yake yamekuwa ya manjano. Mganga wa zahanati akasema anahitaji kupelekwa hospitali ya wilaya, naye alijua kama sisi kwamba hakuna njia. Buya akawasha mtambo na kuomba Hola watafute msaada. Kesho yake jioni, jua likiwa bado lipo, tukiwa wale wanne, Hola wakaita. Sauti ilikuwa inakuja na kuondoka. Yule mwendeshaji wa Hola alikuwa anasoma karatasi aliyopewa na afisa. Nilisikia wazi: ndege ya helikopta itatua uwanja wa shule Garsen kesho saa tisa, itachukua wagonjwa mahututi, haitangoja. Niliandika. Buya akanitazama kuuliza kama nimepata yote, nikatikisa kichwa kuitikia, naye akanyoosha mkono akazima ili kuokoa betri.

Mzee alichukua karatasi akaisoma. Akauliza, "Saa tisa ya mchana? Umejuaje?"

Nikamjibu, "Mzee, saa tisa nyingine ni ya usiku, na helikopta haitui gizani kwenye matope. Kwa hiyo ni mchana."

Alinitazama. Ilikuwa hoja ya aina aliyonifundisha mwenyewe: chukua yanayowezekana, ondoa lisilowezekana, linalobaki ndilo. Akasema, "Vizuri." Katika miezi yote ile hakuwahi kuniambia neno hilo. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi, jioni ile, kwa sababu ya neno moja. Haikunijia kwamba afisa wa Hola ameandika 9 kama ofisi zinavyoandika, yaani saa tatu yetu ya asubuhi, na mwendeshaji akaisoma tisa kama inavyosomeka. Niliyapima mawili yaliyowezekana na la tatu, ambalo niliwahi kuletewa barua yake na ofisi, sikuliona. Sisemi betri ilikuwa dhaifu. Ilitosha kuuliza swali moja.

Wakapanga. Madarasa ya Garsen yalikuwa yamejaa watu na kuhara kumeanza, haikufaa mgonjwa alale humo. Bibi Zahara angebaki kitandani kwake mpaka saa sita, kisha avushwe polepole, afike uwanjani saa nane, na kubaki na saa nzima ya akiba. Mzee aliondoka na mtumbwi akiwa karibu na furaha. Asubuhi nilichemsha ndizi na kumfulia Hawayu sare, ingawa hakukuwa na shule. Kama saa tatu hivi tukasikia ngurumo. Hawayu ndiye aliyesema si radi. Tulitoka nje tukaona helikopta inakuja kutoka kaskazini, chini ya mawingu, ikapita juu ya kibanda na mabati yakapiga kelele. Nilikimbia. Matope yalifika magotini. Nilipofika uwanjani walikuwa wamepakia mtoto mmoja na mzee mmoja waliokuwa wamelala barazani hapo hapo. Nilimshika mkono mtu mmoja wa helikopta nikamwambia mgonjwa yuko ng'ambo, nikamwonyesha kwa kidole paa za kijiji, kwa kweli zinaonekana kutoka pale. Alisema kwa Kiswahili cha upole kwamba kule hakuna pa kutua na mafuta yamepimwa. Akasema, "Tuliwaambia saa tatu, dada." Akaniondoa mkono kidole kimoja kimoja.

Bibi Zahara alikuwa ameisikia pia. Mzee alinisimulia kwamba alifumbua macho akauliza mbona imewahi, naye akamwambia hiyo ni nyingine. Alikufa baada ya siku mbili. Ndege haikurudi.

Maji yalipopungua tulivuka kwenda kuhani. Nilikaa jikoni na wanawake, nikapewa birika la chai ya maziwa nipeleke kwa wanaume. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia kaka mkubwa wa marehemu akimuuliza Mzee nani aliyepokea habari ile ya saa. Buya alikuwa humo, akatazama miguu yake. Mzee Guyo akasema, "Mimi. Nilisikia vibaya." Nilisimama na birika. Mvuke wake ulikuwa unanichoma kidole na sikukiondoa. Habiba alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Alikuwa ameegemea ukuta pembeni mwa baba yake, na nilimwona akisogea mbali naye, kidogo tu, kama upana wa kiganja.

Nilimfuata Mzee siku chache baadaye, nikamwambia nitakwenda kusema. Alikuwa anakunja waya. Akaniuliza nitamsemea nani, nikasema shemeji zake. Akasema, "Watasema Mpokomo amemuua mke wa Mworma. Hakuna atakayeuliza kuhusu saa. Wewe una Hawayu, mwanangu. Nyamaza." Nikamwambia sitaweza kuishi nalo. Akasema nitaweza, watu huishi na mengi, na kwamba hata hivyo yeye ndiye aliyeuliza na ndiye aliyekubali jibu. Nimelipima jibu hilo kwa miaka mingi. Kuna siku naona alikuwa anasema ukweli wake, na kuna siku naona alikuwa ananipa kitu cha kushika nisianguke.

Waliomwadhibu hawakumpiga wala kumtukana. Waliacha tu kumletea redio. Na alipomuuliza mtu jambo lolote, hata bei ya chumvi, wakampa jibu: "Na wewe ulijuaje?" Lilikuwa likisemwa sokoni kwa kicheko, watoto wakalichukua. Mzee akaacha kuuliza. Nadhani hilo ndilo nililomnyang'anya, zaidi ya yote. Buya alihamisha mtambo wake Garissa. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Mzee alinikabidhi daftari la maji na funguo za kibanda, akaamua kufuata ng'ombe wa ndugu zake upande wa juu, yeye ambaye hakuwa amechunga tangu ujana. Alikuja kuniaga mapema asubuhi. Alisema nikipima nisiharakishe. Halafu akasema ana ombi moja: akishakufa, nimwambie Habiba. Si kwa barua, si kupitia mtu. Kwa mdomo wangu. "Ajue baba yake hakusikia vibaya," alisema. Nikamwapia.

Nilipima mto ule miaka kumi na saba. Hawayu alisoma kwa mshahara ule mdogo. Mzee Guyo amekufa miaka minane sasa, na sikufika mazikoni kwa sababu niliambiwa wamekwisha kuzika.

Habiba anaishi nyuma ya soko, si mbali nami. Ni mwanamke mzima, ana watoto, na tunaitana dada. Nimekwenda kwake mara nyingi nikiwa na maneno yamepangwa kinywani, nikanywa chai, nikasifu watoto, nikarudi nayo. Wiki mbili baada ya ule mkutano alikuja kwangu na maziwa. Aliketi mkekani, akavua viatu, akasema tangu siku ile aliposimama mbele ya watu kifua chake kimekuwa chepesi, na kwamba jana, akiswali, amemsamehe baba yake. Alinisubiri niseme kitu. Alimsamehe mtu asiyekosa, mbele yangu, na mimi nikamshukuru kwa maziwa.